Kipimajoto Kinashuhudia Nini? Utangulizi wa Elimu ya Rekodi za Hali ya Hewa, kwa Msomaji wa Kinakomba

Asubuhi ya tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 60 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit. Kwa kipimo chetu cha Selsiasi hizo ni nyuzi 51 chini ya sifuri. Jimbo hilo linajulikana kwa baridi, na bado hakuna baridi kubwa kuliko hiyo iliyowahi kuandikwa na kuthibitishwa huko. Nami naitanguliza katika kitabu kilichokusudiwa watu wa Kinakomba, kata ya Galole katika Kaunti ya Tana River, ambako usiku wa kipupwe ukikaribia nyuzi 20 watu hutafuta shuka la pili.

Naitanguliza kwa sababu elimu ninayokukaribisha ndani yake haina mlango wa nchi za baridi na mlango mwingine wa nchi za joto. Mlango ni mmoja, na swali la mlangoni ni lile lile: mtu akisema kwamba jana kulikuwa na baridi, joto au mvua isiyo na kifani, tutajuaje kwamba ni kweli? Huo ndio moyo wa somo la rekodi za hali ya hewa. Rekodi ni ushahidi. Namba yenyewe ni sehemu ndogo tu ya ushahidi huo. Sehemu kubwa ni chombo kilichotumika, mahali kilipowekwa, saa iliyosomwa, na mtu aliyesoma. Anayezijua hizo nne anaweza kuisoma namba ya Minnesota na ya Kinakomba kwa jicho moja.

Na Minnesota haiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis umejaa familia za Kisomali, nyingi zikiwa zimepitia kambi za Dadaab katika kaunti jirani ya Garissa. Jimbo hilo pia ni makao ya Waoromo wengi, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa lugha ya Waorma wanaonywesha ng'ombe kwenye mto wetu. Mwishoni mwa Januari 2019, baridi ilipopiga Minneapolis hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa na wapeleka barua wakazuiwa kutoka. Taarifa hizo zilifika huku kwetu kwa simu siku hiyo hiyo, na watu walizipokea kama tunavyozipokea habari za mbali: wengine wakashangaa, wengine wakadhani zimetiwa chumvi.

Hazikutiwa chumvi, na tunaweza kueleza kwa nini tuna hakika. Asubuhi ya tarehe 31 Januari 2019, katika mji wa Mount Carroll kaskazini mwa jimbo la Illinois, ilisomwa namba ya nyuzi 38 chini ya sifuri za Fahrenheit, karibu nyuzi 39 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Ingekuwa rekodi mpya ya jimbo zima. Lakini haikupokelewa papo hapo. Kamati maalumu inayochunguza rekodi za majimbo ilikikagua chombo, ikatazama mahali kilipokuwa, ikalinganisha namba hiyo na za vituo vya jirani, ndipo wiki kadhaa baadaye ikaiidhinisha. Hapo pana jambo la kupendeza kwa mwanafunzi: zebaki huganda inapofika karibu nyuzi 39 chini ya sifuri. Kipimajoto cha zebaki kingefia pale pale penye rekodi. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kipimajoto cha kioo cha kupimia baridi ya chini kabisa, hata kilicho katika nchi yenye joto kama yetu, kutiwa spiriti badala ya zebaki.

Kuna rekodi nyingine iliyokuwa na umri wa miaka 90 ikafutwa, na kisa chake ningependa kila mwalimu wa jiografia akijue. Tarehe 13 Septemba 1922, katika kituo cha El Azizia nchini Libya, liliandikwa joto la nyuzi 58. Vitabu vya shule duniani kote vikalinakili kuwa joto kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipoamua kulichunguza upya, mmoja wa wachunguzi wakuu alikuwa Khalid Ibrahim El Fadli, mtaalamu wa Libya mwenyewe, na kazi hiyo ilisimama kwa muda nchi yake ilipoingia vitani mwaka 2011. Kamati ilichimbua daftari la zamani la kituo. Ilikuta kwamba chombo kilichotumika hakikufaa, kwamba mwandiko wa daftari ulibadilika siku zile kuonyesha kuwa mpimaji mpya alikuwa ameshika kazi, na kwamba namba alizoandika zilipishana mno na za vituo vya karibu. Inaelekea alikuwa akisoma ncha isiyo yake ya kijiti kidogo kilicho ndani ya kioo, akaongeza nyuzi kama 7 bila kujua. Mwaka 2012 rekodi ilifutwa. Taji likarudi kwa Death Valley, California, nyuzi 56.7, tarehe 10 Julai 1913.

Nimekaa juu ya kisa hicho kwa kuwa kinafundisha jambo ambalo fomula haziwezi kulifundisha. Mpimaji yule hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mmoja, katika kituo cha jangwani, aliyekabidhiwa chombo kigumu kukisoma, bila mtu wa kumwelekeza. Heshima tunayompa ni kulifungua daftari lake na kulisoma kwa makini, hata kama mwisho wake ni kuikataa namba yake.

Upande wa pili wa shilingi uko karibu nasi zaidi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na kilele cheupe. Mwongozaji wake alimweleza kwamba weupe ule ni baridi. Tarehe 3 Desemba 1849 mwenzake, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya akiwa Kitui, baada ya kuelezwa habari zake na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alizipinga kwa maandishi. Theluji chini ya jua la ikweta? Haiwezekani, alishikilia, na yeye hakuwahi kukanyaga bara hili. Kivoi na watu wake walikuwa na ushahidi wa vizazi kuhusu mlima ule na mito inayotoka kwake, lakini ushahidi wao haukuwa na pa kusimama katika mkutano wa wasomi. Mwaka 1851 Kivoi na Krapf walifunga safari kuelekea Tana. Wakashambuliwa njiani, Kivoi akauawa, Krapf akanusurika. Ubishi juu ya theluji ulizimika katika miaka ya 1860, Karl Klaus von der Decken alipopanda Kilimanjaro hadi akaangukiwa na theluji yenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi wa somo hili ana hatari mbili: kukubali upesi kama vitabu vilivyoikubali El Azizia, na kukataa upesi kama Cooley. Kwa maoni yangu hatari ya pili ndiyo iliyotudhuru sisi zaidi. Mambo mengi ya hewa ya Tana hayakuandikwa kamwe, kwa sababu waliokuwa na kalamu hawakuwauliza waliokuwa na habari.

Sasa tuulize kwa nini Tower ikagandishwa hivyo na Kinakomba isigandishwe. Ardhi hupokea joto kutoka kwa jua mchana, na hulitoa kuelekea angani mchana na usiku. Baridi huzidi pale utoaji unapoushinda upokeaji kwa muda mrefu. Mapema Februari kaskazini mwa Minnesota usiku huchukua saa 14 hivi. Theluji imefunika ardhi, na theluji hufanya mambo mawili: mchana hurudisha mwanga wa jua kabla haujapasha kitu, na usiku huzuia joto la udongo lisipande. Kukiwa hakuna wingu wala upepo, hewa iliyogusana na theluji hupoa, huwa nzito, huteremka na kutulia mahali pa chini. Ndiyo maana rekodi nyingi za baridi katika nchi hizo hutoka mabondeni. Snag, katika eneo la Yukon nchini Kanada, ulikuwa uwanja mdogo wa ndege uliokaa bondeni; tarehe 3 Februari 1947 walipima nyuzi 63 chini ya sifuri. Kubwa kuliko zote ni ya kituo cha Vostok, Antaktika: nyuzi 89.2 chini ya sifuri, tarehe 21 Julai 1983.

Kuna pia baridi inayosafiri. Wakati wa majira ya baridi, juu sana ya Ncha ya Kaskazini huzunguka mkanda wa pepo kali unaoifungia hewa ya huko isitoke. Mkanda huo ukidhoofika au ukigawanyika, hewa ya nchani huporomokea kusini. Ndivyo ilivyotokea Januari 2019.

Kinakomba haina hata kimoja cha vitu hivyo. Hola, mji ulio jirani, uko digrii moja na nusu kusini ya ikweta, kwenye nchi tambarare ya chini. Usiku wake ni wa saa 12 mwaka mzima. Zaidi ya yote, pepo za kusi na kaskazi hutuletea mvuke wa Bahari ya Hindi, na mvuke huo hutanda juu yetu usiku kama shuka, ukilirudisha chini joto ambalo lingepotea. Mtu aliyelala jangwani mbali na bahari wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na nyota zikionekana zote, anajua jinsi usiku unavyoweza kupoa kuliko kwetu hata baada ya mchana mkali zaidi.

Lakini baridi tunayo, nayo hutufikia kwa mto. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita na nusu hivi. Mlima Kenya una mita 5,199. Ukichukua mchana wa nyuzi 30 kando ya bahari na kuupandisha hadi kileleni kwa hesabu hiyo, unafika nyuzi 4 chini ya sifuri, na hesabu hiyo nyepesi haiko mbali na hali halisi. Tana hutokea huko na kwenye safu ya Nyandarua, ambako sakitu hukausha majani ya viazi na kuwatia wakulima hasara. Hewa yenye unyevu ikigonga milima hiyo hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, mvuke hugeuka matone, mvua hunyesha. Baridi ya juu ndiyo inayokamua maji yanayopita mbele ya mashamba ya mpunga na migomba ya Wapokomo, mamia ya kilomita chini yake, katika nchi ambayo mvua yake yenyewe haitoshi.

Hapa nirekebishe dhana moja ninayoisikia mara nyingi. Watu husema kwamba barafu ya Mlima Kenya ikiisha Tana itakauka. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya Tana ni mvua inayohifadhiwa na misitu na udongo wa milimani. Mchango wa barafu ni mdogo sana. Lakini barafu ile ina thamani nyingine kwa mwanasayansi: ni daftari. J. W. Gregory, mjiolojia Mwingereza aliyeingia nchini na msafara uliovunjikia Ngatana, kwenye Tana ya chini, alifika kwenye barafu hiyo mwaka 1893. Mto wa barafu alioupa jina la Lewis ndio uliopimwa kwa uangalifu kuliko mingine ya tropiki yote katika bara letu. Kati ya mwaka 1934 na 2010 ulipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Hakuna mkutano wala tamko lililosababisha namba hiyo iaminike. Iliaminika kwa sababu kizazi baada ya kizazi mtu alipanda na kamba na kigingi, akapima mahali pale pale.

Mwaka 2008, mwezi wa Septemba, watu wa Busara karibu na Nyahururu waliona kilima chao kimefunikwa kwa weupe, wakasema theluji imeanguka Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa waliofika walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana ikashikana. Wananchi walikuwa wameona sawasawa. Kilichobishaniwa ni jinsi kilivyofika pale. Tofauti hiyo kati ya kilichoonekana na maelezo yake tutaifuata katika kitabu chote.

Turudi nyumbani, kwa baridi inayoua Tana. Ndiyo, ipo, na wafugaji wanaijua vizuri kuliko maofisa wengi. Kiangazi kimekuwa kirefu, kama kile cha kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu. Ng'ombe wamebaki mbavu. Hatimaye mvua inanyesha usiku kucha, na watu wanashukuru. Asubuhi, mbuzi na kondoo wamelala wamekufa, na ng'ombe waliokuwa wakisimama jana hawawezi kuinuka. Kipimajoto huenda kinasoma nyuzi 20 tu. Mgeni hutafuta ugonjwa.

Mnyama mwenye afya ana ngao tatu dhidi ya baridi. Ana mafuta chini ya ngozi. Ana manyoya makavu yanayonasa hewa. Na ana moto wake mwenyewe: majani yanayochachuka katika tumbo la kwanza la ng'ombe hutoa joto mchana na usiku. Mnyama aliyetoka kwenye ukame hana mafuta. Tumbo lake karibu tupu, kwa hiyo moto umezimika. Na mvua sasa imemlowesha manyoya, hewa iliyonaswa imetoka, upepo unavukiza maji mwilini mwake na kila tone linalovukiza linaondoka na joto lake. Wataalamu wa mifugo Marekani hukadiria kwamba ng'ombe wa nyama mwenye manyoya mazito, makavu, ya majira ya baridi, haanzi kutumia nguvu ya ziada kujipasha hadi hewa ifike karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Ng'ombe huyo huyo akilowa, kikomo hicho hupanda hadi nyuzi 15 juu ya sifuri. Hayo ni makadirio ya ng'ombe walioshiba, wa nchi za baridi. Boran wa Waorma, mwenye manyoya mafupi, ambaye hajala kwa miezi, kikomo chake kiko juu zaidi, na usiku wa mvua ya Novemba unaweza kukivuka.

Nauona mfano huu kuwa ufunguo wa somo zima. Baridi inayoua haikai kwenye kipimajoto peke yake. Inakaa kati ya kipimajoto na mwili. Watu wa Minnesota wanalijua hilo kwa upande wao, ndiyo maana hutangaziwa namba mbili wakati wa baridi: ya hewa, na ya jinsi hewa hiyo inavyopokonya mwili joto upepo ukivuma. Namba hiyo ya pili ilitokana na majaribio ya Paul Siple na Charles Passel huko Antaktika, waliopima muda ambao maji katika kichupa huchukua kuganda upepo ukivuma kwa kasi mbalimbali. Sisi hatujawahi kuwa na namba ya pili kwa ajili ya mnyama aliyekonda na kulowa. Tahadhari ya redio inayosema tu kwamba mvua kubwa inakuja haimwambii mfugaji wa Wayu kwamba usiku huu awaingize kondoo wake penye kinga ya upepo. Kijana wa Kinakomba anayetafuta kazi ya maisha katika elimu hii, hiyo hapo inamsubiri.

Kuna na baridi yenye faida, nitaitaja kwa ufupi. Mwembe unahitaji kustushwa ili utoe maua, na usiku wa kipupwe uliopoa ni mojawapo ya vitu vinavyoustua. Ukavu kidogo na ukomavu wa matawi navyo huchangia. Mkulima anayesema kwamba mwaka huu kipupwe hakikuwa kipupwe, na maembe yatachelewa, ametoa taarifa ya kisayansi inayoweza kupimwa. Ni aibu yetu kwamba hatujaipima vya kutosha.

Lipo jambo moja la hesabu ambalo sitaki uingie sura zinazofuata bila kulijua, kwa kuwa magazeti hulikosea kila mwaka. Rekodi huvunjwa mara nyingi mwanzoni. Fikiri kituo kipya cha hali ya hewa. Mwaka wa kwanza, usiku wake wenye baridi kuliko wote ni rekodi, bila jasho. Mwaka wa pili una nafasi nusu kwa nusu ya kuivunja. Mwaka wa tatu, theluthi moja. Mwaka wa 100, nafasi ni moja kati ya 100. Ukijumlisha nafasi hizo, kituo cha miaka 10 kitakuwa kimeandika rekodi kama 3, na kituo cha miaka 100 kama 5 tu, iwapo hali ya hewa haibadiliki. Kwa hiyo ukisikia kwamba kituo chenye umri wa miaka minane kimevunja rekodi, tulia kidogo. Kituo cha umri huo ndivyo kilivyo. Lakini hesabu hiyo hiyo ni silaha. Kama hali ya hewa haibadiliki, rekodi mpya za joto na za baridi zinapaswa kulingana idadi. Huko Marekani, katika mwongo ulioanza mwaka 2000, rekodi mpya za joto zilikuwa kama mara mbili ya rekodi za baridi. Usiku kama ule wa Mount Carroll bado hutokea, na utaendelea kutokea. Unazidiwa idadi tu. Anayeshika usiku mmoja wa baridi na kusema kwamba dunia haipati joto hajahesabu, na anayeshika mchana mmoja wa joto Garissa na kusema kwamba huo pekee unathibitisha, naye hajahesabu.

Hesabu hiyo inadai madaftari marefu yasiyokatika, na hapo ndipo Tana inapoumia. Vituo ni vichache, umbali kati yao ni mkubwa, na mafuriko yanapokuja hubeba vyombo pamoja na makazi. Siku tunayohitaji kipimo kuliko siku zote ndiyo siku kipimo kinapotoweka.

Hapo ndipo kumbukumbu ya watu inapoingia, na siiingizi kwa huruma. Mafuriko ya 1961 na ya El Niño ya 1997 hadi 1998 yanakumbukwa kando ya mto wote kwa undani ambao hakuna daftari lililonao: maji yalifika dirisha gani la shule, kijiji kipi kilihama kisirudi, mto ulijikatia njia wapi ukaacha ule wa zamani kuwa ziwa la kamongo. Mwaka 1999 wanasayansi walipoeleza ule mtikisiko wa Bahari ya Hindi ambapo maji ya upande wetu hupata joto kuliko ya upande wa Indonesia, na mvua za vuli zikafurika Afrika Mashariki, miaka ya 1961 na 1997 ilikuwa miongoni mwa mifano yao mikubwa. Mwaka 2019 ukajiunga nayo. Wazee wa Kinakomba walikuwa tayari wameiweka miaka ya 1961 na 1997 katika kundi moja, bila kupima joto la bahari.

Kuipima kumbukumbu kuna taratibu zake, kama kulivyo na taratibu za kupima hewa. Huulizi mzee, "Maji yalikuwa mengi kiasi gani?" Unamwomba akuonyeshe mahali, unaweka alama, unakwenda kwa mtu wa nyumba nyingine asiyesikia jibu la kwanza, unamwomba vivyo hivyo. Alama zikikaribiana, una ushahidi. Zikipishana, una swali zuri. Unauliza Wapokomo wa ukingoni na Waorma wa malka, yaani njia za mifugo kwenda mtoni, kwa nyakati tofauti, kwa sababu mmoja alikuwa akiangalia shamba na mwingine njia ya mifugo, na mafuriko yale yale yaliwafikia kwa sura mbili. Magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi wa Vihiga, wenye sifa ya kutabiri mvua tangu zamani, umekuwa ukikaa meza moja na Idara ya Hali ya Hewa na kituo cha kanda cha hali ya hewa, ICPAC, kulinganisha utabiri wao. Hayati Profesa Laban Ogallo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye aliiongoza ICPAC, ni miongoni mwa wasomi waliojenga utabiri wa misimu katika kanda yetu, kupitia mabaraza yanayokutanisha nchi za Pembe ya Afrika tangu mwaka 1998. Bonde la Tana linastahili meza kama ile ya Nganyi.

Kitabu hiki basi kimepangwa ili mwalimu na wanafunzi wake waweze kuanza wenyewe. Hutahitaji hesabu zaidi ya ile ya darasa la nane hadi sura ya tano. Utahitaji subira, na saa.

Saa ni muhimu kuliko unavyodhani. Vituo vyetu husomwa saa tatu asubuhi. Baridi kubwa ya siku hutokea karibu na kuchomoza kwa jua, kwa hiyo kipimajoto cha baridi kinachosomwa saa tatu kinatoa habari ya alfajiri hiyo hiyo, hali kile cha joto kinatoa habari ya alasiri ya jana. Ndani ya spiriti ya kipimajoto cha baridi mna kijiti chembamba cheusi. Spiriti ikinywea huburuta kijiti. Ikitanuka hukiacha pale. Soma ncha ya kijiti iliyo mbali na tungi la kipimajoto. Ncha iliyo karibu na tungi itakupa jibu la uongo, na ni kosa la jamii ile ile iliyoifanya El Azizia ikae vitabuni miaka 90. Ukishaandika, inamisha kipimajoto taratibu hadi kijiti kirudi kwenye uso wa spiriti, kisha kifunge tena ndani ya kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za matundu, kilichosimama juu ya majani na si juu ya saruji, mlango wake ukielekezwa mahali ambapo jua halitaingia unapoufungua.

Siku ambayo hakuna aliyepima, acha nafasi wazi daftarini na uandike sababu: mtihani, mazishi, maji yalikata njia. Usiijaze kwa kukisia, na usimruhusu mwanafunzi aijaze kwa kunakili ya jana. Mvua ya Jumamosi na Jumapili iliyokutwa Jumatatu iandikwe kuwa ni ya siku mbili.

Sura ya kwanza inaanza na kipimamvua, na kipimajoto kinafuata katika ya pili. Nimefanya hivyo kwa sababu kipimamvua ni rahisi kukipata na vigumu kukisoma vibaya, na kwa sababu shule iliyo kando ya Tana ikikisimika Septemba itakuwa na mwezi mzima wa kujizoeza kabla ya mvua za vuli kushuka.